Tafsiri ya Picha ya Rubens ya Amani na Vita

Wakurya wa Tarime na Serengeti wanajua ya kuwa amani baina ya koo zenye kugombea ng'ombe na ardhi haiji yenyewe. Huhitaji hekima ya wazee. Fikra hiyo imo katika picha ya Peter Paul Rubens, aliyekwenda London mwaka wa 1629 akiwa mjumbe wa Mfalme wa Hispania, kutafuta suluhu na Waingereza, akamtunukia Mfalme Charles I picha hiyo.

Katikati ameketi Amani, amnyonyesha Plutus, mungu wa utajiri wa Wayunani. Miguuni pake chui achezea mizabibu kama paka. Nyuma, Minerva, mungu wa hekima, amsukuma Mars, mungu wa vita. Maana yake ni dhahiri: penye vita, ziwa hukauka.

Lakini tutazame vema: Mars hakuuawa, na angali amevaa deraya. Suluhu ilipatikana mwaka wa 1630. Hata hivyo, mwaka wa 1642 Waingereza walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka wa 1649 Charles akakatwa kichwa, picha zake zikauzwa. Basi, aliyepatanisha koo asiende kulala.