Tairi Kubwa, Kubwa Wapi?

Mwenye Prado au Hilux akisimama kwenye duka la matairi kule Ipogolo, chini ya mji wa Iringa inapopita barabara kuu ya kwenda Mbeya, maneno yake ya kwanza mara nyingi ni haya: "Fundi, nataka tairi kubwa." Fundi anayeijua kazi yake hakimbilii stoo. Huuliza kwanza: "Kubwa wapi, mkuu?" Kwangu mimi swali hilo lina uzito wa ukurasa mzima wa kamusi. Tairi linaweza kuwa kubwa kwa kimo, kwa upana au kwa ubavu, na mtu asiyetenganisha mambo hayo matatu anaweza kulipa pesa nyingi akarudi shambani na gari linalokwama palepale lilipokwama zamani.

Tuanze na jina lenyewe. Gurudumu ni kitu kizima: ringi ya chuma, tairi juu yake, na upepo ndani. Hata hivyo, dukani hakuna anayeomba gurudumu. Neno hilo limehamia kwenye hotuba, kwenye gurudumu la maendeleo linalosukumwa na viongozi na wananchi, na gereji imebaki na tairi na ringi. Sioni hasara. Fundi anahitaji kutenganisha vitu viwili vinavyonunuliwa mbalimbali na kuharibika mbalimbali, na maneno hayo mawili yanamtosha.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mafundi wetu wamelijenga gari kama kiwiliwili. Kelele inatoka "mguu wa mbele kulia". Tairi lililoliwa hadi likawa laini ni kipara, na trafiki naye hulitaja hivyo hivyo anapoandika faini. Likivimba pembeni limetoa nundu. Likichanwa na jiwe limepasuka ubavu, na hapo kiraka cha pancha hakisaidii. Maneno haya hayakupangwa na kamati yoyote. Yametoka kwa watu wenye grisi mikononi, na yanafuata mantiki moja, jambo ambalo watunga istilahi hulitafuta kwa miaka. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967 na limefanya kazi kubwa, lakini msamiati wa gari kwa sehemu kubwa umezaliwa chini ya jeki.

Basi nikipendekeza neno la kitu ambacho mtaani bado hakina jina thabiti, napenda litoke katika ukoo huohuo. Urefu wa tairi kutoka ardhini hadi juu, likiwa limesimama, niuite kimo. Kimo ni cha mtu, cha ng'ombe, cha mti. Ni urefu wa kitu kilichosimama kwa miguu yake. "Urefu" pekee unachanganya, maana mwingine atadhani ni urefu wa kuzunguka, na "ukubwa" tumekwisha kuona unavyoficha.

Sasa soma ubavuni mwa tairi la Prado: 265/65R17. Nambari ya kwanza ni upana, milimita 265. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi, inchi 17. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ile 65 ya katikati ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu si milimita wala inchi. Ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 65 ya upana. Ukipiga hesabu, ubavu mmoja ni milimita 172 na kitu, kuna ubavu juu na ubavu chini, katikati kuna ringi ya milimita 432, na kimo cha tairi zima kinafika kama milimita 776.

Ukivaa 285/70R17, kimo kinapanda hadi milimita 831 hivi, yaani ongezeko la milimita 54 au 55. Lakini difu lipo kwenye ekseli, usawa wa katikati ya tairi, kwa hiyo linainuka nusu tu ya hapo, milimita 27. Hizo ndizo unazozinunua kwa bei ya matairi manne makubwa. Kwenye kijia cha Kilolo chenye mgongo katikati na mawe yaliyochongoka, milimita 27 zinaweza kuliokoa difu. Lakini anayedhani gari litapanda kama ghorofa aijue hesabu hii kabla hajafungua pochi.

Kuna mfano mwingine unaofundisha zaidi. Linganisha 265/70R16 na 235/85R16. La pili ni jembamba kwa milimita 30, lakini kimo chake ni takribani milimita 806 dhidi ya 777 za la kwanza. Jembamba ndilo refu! Lipi basi ni tairi kubwa? Kwa anayetafuta kuinua difu ni la pili. Kwa anayependa gari lake lionekane limetanua mabega ni la kwanza. Matairi ya zamani ya 7.50-16, yaliyobeba Land Rover na Land Cruiser za misheni, za serikali na za mashamba ya chai, yalikuwa ya namna hiyo ya pili: upana wa inchi saba na nusu tu, ubavu mrefu, kimo cha kutosha. Wale madereva hawakuwa wamekosa kitu bora. Nyanda za Juu Kusini zinalitaka tairi la namna hiyo katika sehemu nyingi.

Sababu ni udongo. Masika yakishika Mufindi na Kilolo, barabara nyingi za vijijini huwa na utandu wa tope jekundu juu, na chini yake changarawe au ardhi iliyoshindiliwa. Tairi jembamba hulikata tope na kufika kwenye kigumu. Tairi pana huelea juu ya utelezi, kisha gari zima linaanza kutembea ubavu kuelekea mtaroni. Lakini shuka kwenda Hifadhi ya Ruaha kupitia Idodi na Tungamalenga, uingie kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi, na shauri linageuka. Mchanga hauna kigumu cha karibu cha kufikia, na hapo upana ni rafiki. Kuna pia udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua. Huo ukiloa kwelikweli hauheshimu tairi lolote, na busara ni kusubiri ukauke. Neno mbuga limelifuata tairi hadi baada ya kustaafu kwake: tairi lililokwisha hukatwa likawa viatu, na viatu hivyo vinaitwa katambuga. Aliyevipa jina hilo alijua mpira ule umetoka wapi na bado unakwenda wapi.

Upepo nao una mengi. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno sahihi la darasani. Gereji ina upepo: jaza upepo, punguza upepo, upepo 35. Nasimama na gereji, maana hapo upepo ni kitu unachoongeza na kupunguza kwa mkono wako. Punguza kutoka 35 hadi 20 kabla ya kuingia kwenye mchanga, na tairi lilelile hulalia ardhi kwa eneo refu zaidi. Bila kununua chochote umepata tairi lingine. Ubavu mrefu ndio unaoruhusu hilo. Ringi kubwa yenye ubavu mfupi, ambayo vijana huipenda, haina mahali pa kubonyea. Ukirudi kwenye lami, rudisha upepo, kwani ubavu unaokunjwa kwa kasi huchemka na kupasuka.

Uso wa tairi una kashata, vile vipande vilivyosimama vinavyouma ardhi. Kashata zilizokaa mbalimbali hutema tope. Zilizobanana hukimbia kimya kwenye lami lakini zikijaa tope huteleza kama kipara. Utaona pia herufi M+S. M ni tope, S ni theluji, na hata Mufindi penye baridi kali ya Julai hupati theluji. Usiinunue herufi, tazama kashata. Na muuzaji akikutajia plai 8 au plai 10, elewa kuwa siku hizi hiyo si hesabu ya matabaka yaliyomo. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki na jina la zamani.

Kimo kikiongezeka, tairi huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na dashibodi haijui. Kwa Prado niliyoitaja, iliyotoka 265/65 kwenda 285/70, nyongeza ni asilimia 7. Kama mshale ulikuwa sahihi mwanzo, ukionyesha 50 ndani ya kijiji wewe unakwenda 53 na nusu, na tochi ya trafiki haitasikiliza habari za kimo. Gia nazo zinakuwa nzito kwa kiasi hichohicho. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500, na injini isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser, hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ongeza mzigo, ongeza mlima wa Kitonga, na dereva atashuka gia mahali ambapo zamani hakushuka. Breki, beringi na usukani navyo vinabeba uzito ambao havikupewa kiwandani, na ukikata kona kashata zinaweza kuanza kula madigadi.

Ningependa mteja wa kesho aseme hivi: "Fundi, nataka kimo cha 800 na kidogo, upana usizidi 235, ubavu mrefu, kashata za tope." Fundi hatakuwa na la kuuliza isipokuwa habari ya spea. Hilo aulize kwa nguvu zote, kwa sababu wengi hununua manne na kuliacha la tano na kimo chake cha zamani. Siku ya pancha, gari lenye fowili ya kudumu linalazimisha tairi fupi na tairi refu yazunguke pamoja kwenye ekseli moja, na difu ndilo linalolipa tofauti hiyo kilomita baada ya kilomita. Na kabla ya kulipia hilo la tano, apime kama litaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi, au kama bawaba za mlango wa nyuma zitaubeba uzito wake.