Misa Luba: Wimbo wa Kamina Uliozunguka Dunia

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa sauti ya tatu aliniletea karatasi za noti. Zilikuwa noti za Sanctus ya Misa Luba. Juu ya ukurasa palichapwa jina la padre Mbelgiji, wala hapakuwa na jina lingine. Akaniuliza: “Mwalimu, kumbe wimbo huu ni wa Wazungu?”

Swali lake lilinikaa moyoni. Misa ile haikutoka Ulaya. Ilitoka Kamina, katika nchi ya Waluba, na Kamina si mbali na habari zetu. Tangu mwaka 1956, reli ya kati ya Kabalo na Kamina ilipokwisha kujengwa, mtu wa Kindu aliweza kupanda gari la moshi hapa kwetu, kupita Kongolo na Kabalo, na kushuka Kamina. Basi na tufuate njia ya wimbo huo, tuone umepita wapi na umebeba nini.

Mwaka 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina kuongoza shule. Alisikia jinsi watu walivyoimba vijijini, akaona kwamba watoto wa shule wangeweza kupoteza nyimbo za babu zao kwa kujifunza zile za Ulaya tu. Mwaka 1954 akaanzisha kwaya ya wavulana 45 hivi, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15. Kwaya ikapewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin.

Je, Misa ilitungwaje? Hapo ndipo penye jambo kubwa. Padre hakukaa mezani na kalamu akaandika noti, kisha akawafundisha watoto. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya Misa, kwa maana siku zile Misa iliimbwa kwa Kilatini popote. Lakini sauti, mwendo na ngoma vilitoka kwa waimbaji wenyewe. Mmoja alianza, wengine wakaitikia, wakajaribu, wakarudia mpaka wimbo ukakaa. Kyrie iliimbwa kwa namna ya kasala, yaani wimbo wa Waluba wa kumlilia marehemu. Katika Credo, wanapofika mahali pa kusulibiwa kwake Bwana wetu, kasala inarudi tena, na ngoma inalia kama inayotangaza kifo kijijini. Sanctus imefuata wimbo wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya kucheza ya Kasai, na Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Mwimbaji aliyeongoza, ambaye sauti yake inapanda juu ya wengine wote, ni mwalimu Joachim Ngoi. Kijana yule hakuwahi kusikia jina hilo.

Misa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule kwaya ikasafiri kwenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, ambako Maonyesho ya Dunia yalikuwa yamefunguliwa Brussels, na pia Uholanzi na Ujerumani. Hata na watoto waimbaji wa Vienna waliimba pamoja. Kampuni ya Philips ikatoa santuri. Katika ile iliyoenea sana, upande mmoja una Misa, na upande wa pili una nyimbo za Kongo: za ndoa, za kazi, za kucheza, na za kumaliza matanga.

Kutoka hapo wimbo ukaenda mahali ambapo waimbaji wenyewe hawakufika. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini wa Italia aliutia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mtakatifu Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson, Mwingereza, aliutumia Sanctus katika filamu iitwayo If...., inayosimulia habari za vijana wa shule walioasi. Mwaka uliofuata Sanctus hiyo, wimbo wa kuagana wa Waluba, ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa zaidi Uingereza.

Mwaka 1969 pia, nyumba ya Lawson-Gould ya New York ilichapa noti za Misa Luba. Hapo wimbo uliozaliwa bila karatasi ukawa kitabu. Tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Waimbaji wa Kamina hawakuimba sawasawa kila siku, kwa sababu walibuni papo hapo. Santuri ilinasa sauti ya siku moja tu. Noti nazo zikaifanya siku ile kuwa sheria kwa kwaya za dunia nzima. Ni kama kumpiga mtu picha akiwa anatembea, kisha kusema kwamba daima amesimama na mguu mmoja hewani.

Hata hivyo tusiyadharau maandishi. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, ilitoa santuri yake ya Misa Luba. Wakenya hao hawakukaa Kamina, wala hawakuwa watoto mwaka 1958 katika shule ile. Wasingeweza kuimba kama kazi ya wenzao isingehifadhiwa. Nao hawakuiga tu. Ukiwasikiliza utasikia kwamba wametia pumzi yao wenyewe. Hivyo ndivyo wimbo wa mapokeo unavyoishi: unapokewa, nao unaongezewa.

Na Kanisa limesema nini? Mwaka 1955 Papa Pius XII, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu, aliwahimiza wamisionari wautumie upendo wa watu kwa nyimbo zao. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa ya misioni yapewe heshima na nafasi inayostahili. Na mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Kamina walikuwa wameimba miaka 5 kabla ya Mtaguso kusema, na miaka 30 kabla ya kitabu hicho.

Basi nilimjibu kijana yule hivi: Padre Haazen, aliyefariki mwaka 2004, anastahili shukrani, maana alisikiliza pale ambapo wengi walifundisha tu. Lakini wimbo ni wa wale walioutoa kifuani: mwalimu Ngoi, walimu wenzake na watoto 45. Majina ya wengi wao hayamo katika karatasi zile, na aliye na karatasi tu hudhani kwamba hawakuwako.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Kindu tunazo nyimbo ambazo kina mama wanaimba katika jumuiya na katika matanga, na kila mwaka tunamzika mmoja wa wanaozijua. Kijana yule sasa anakuja na daftari. Tumeanza na ukurasa wa kwanza: jina la wimbo, lugha yake, kijiji ulikotoka, na jina la mama aliyetuimbia. Jina la mama tumeliandika juu kabisa.