Mwalimu na Reli ya Karanga

Wasikilizaji wetu, watu wakiulizwa ni kitu gani kilichotaka kuibadili nchi ya Nachingwea, wengi hutaja karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa. Matrekta yaliletwa, pori likafyekwa, na reli ikajengwa kutoka pwani. Lakini wakuu wa kazi hawakuupima vema udongo na mvua, wala hawakuwasikiliza wenyeji. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na paundi zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimepotea. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Basi, ni mbegu gani iliyoota mahali zilipokufa karanga? Twajibu bila kusita: ni ile iliyopandwa na walimu.

Tutazame mifano miwili. Katika miaka ya 1960 Frelimo, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, kiliweka kambi Nachingwea. Vijana walijifunza vita, lakini walijifunza pia kusoma, kuandika na kuishi pamoja bila kuulizana kabila. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Samora Machel, aliyewaongoza wapiganaji hao, akawa Rais wa kwanza wa Msumbiji nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Na katika Ruangwa jirani alizaliwa Kassim Majaliwa. Huyu alisomea ualimu, akafundisha, akachaguliwa kuwa Mbunge wa Ruangwa mwaka 2010, na mwaka 2015 akawa Waziri Mkuu wa Tanzania.

Reli ilitaka mamilioni. Mwalimu hutaka ubao, chaki na subira. Lakini nguvu hii ina hatari yake, kwa maana mtoto humsoma mwalimu kabla hajasoma kitabu. Akimwona achelewa kila siku, hujifunza uvivu; akimsikia awadharau wakulima, hulionea haya jembe la babaye. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazazi: ingieni shuleni, mjue watoto wenu wafundishwa nini na nani. Nasi tulio walimu tusilirudie kosa la watu wa karanga. Tuwasikilize kwanza wenyeji, tuujue udongo, ndipo tupande.