Zifahamu aina za maradhi ya wasiwasi

WASIWASI peke yake si maradhi. Ni hali ya kimaumbile inayomwezesha binadamu kujihadhari. Mvuvi wa Makangale, kaskazini mwa Pemba, anayeghairi kwenda baharini siku ya upepo mkali anatumia busara. Maradhi huanza pale hofu inapozidi hatari iliyopo, ikadumu na kumzuia mtu kufanya kazi au kuishi na wenzake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi haya. Aina zake kuu ni hizi:

Wasiwasi wa jumla: Mgonjwa huhofia kila jambo, kuanzia chakula, ada hadi afya ya watoto, kwa miezi sita au zaidi. Hukosa usingizi, huchoka na misuli humkaza.

Hofu ya ghafla: Moyo hwenda mbio, pumzi hubana na mgonjwa hudhani anakufa. Hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha mtu huishi akiogopa isirudi.

Hofu ya watu: Ni zaidi ya haya. Mtu hukwepa harusi, mikutano na hata darasa kwa kuogopa kudharauliwa.

Hofu ya kitu maalumu: Huweza kuwa ya nyoka, damu, kimo au bahari. Kwa mkaazi wa kisiwani, kuogopa chombo huweza kumkosesha matibabu ya ng'ambo.

Kiwewe kinachofuata maafa, kama kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011, kinafanana na maradhi haya, lakini tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umekiweka katika kundi lake.

Aidha, hofu ya umma isichanganywe na maradhi ya mtu mmoja. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulipoibuka Pemba na kuenea Unguja, watu walilala nje kwa makundi. Baadhi ya watafiti wameihusisha mikasa hiyo na jinamizi, hali ambayo akili huamka huku mwili ukiwa bado umekwama usingizini. Uvumi ulipopoa, hofu nayo ilipungua. Maradhi ya wasiwasi hayaondoki kwa urahisi huo.

Tatizo ni kwamba dalili hizi mara nyingi huhesabiwa kuwa ni jini au uchawi, na mgonjwa hucheleweshwa. Dua na kisomo havizuii kwenda hospitali. Daktari huanza kwa kuchunguza moyo, tezi la shingo na upungufu wa damu, kwani navyo huleta dalili kama hizo.

Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, mgonjwa akifundishwa kuikabili hofu hatua kwa hatua, pamoja na dawa inapobidi. Vidonge vya usingizi visinunuliwe kiholela, kwa kuwa huzoesha mwili. Zanzibar ina hospitali ya maradhi ya akili Kidongo Chekundu, Unguja. Kwa mkaazi wa Makangale, hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu naye.