Kutoka mausi ya mbao mpaka monita kubwa: historia iliyookoa Jumamosi yetu

Leo tunaleta historia, ila si ya vita. Ni ya mausi ya kompyuta.

Chumba chetu mnakijua. Jumamosi kuna saa moja ya gemu, halafu saa mbili za kujifunza kuchapa. Tuseme ukweli, vijana wengi wanakuja kwa ile moja, ndiyo wanabaki kwa zile mbili. Mwezi uliopita tuliletewa monita ya inchi 27 na mausi mpya, tukaweka kando ile monita ya inchi 17. Furaha kibao! Lakini siku hiyo hiyo, ukigusa mausi kidogo tu unajikuta umegeukia nyuma. Mdogo wetu mmoja alishikwa na kizunguzungu, akatoka nje kutapika. Msimamizi akasema gemu inatuumiza, ataifuta. Sisi wote tukalaumu monita.

Kabla ya kwenda kumwomba, tukakaa kusoma haya mambo yalianzia wapi.

Mausi ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1964 huko California, Marekani. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na Bill English ndiye aliyeiunda: kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini, moja la kusoma mwendo wa kulia na kushoto, jingine la mbele na nyuma. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart aliionyesha mbele ya watu San Francisco. Hakuwaza gemu. Alitaka kompyuta isaidie watu kufikiri na kutatua matatizo pamoja.

Gemu zilikuja baadaye. Doom ya 1993 wengi waliicheza kwa kibodi tu. Quake ya 1996 ndiyo ilifanya kutazama juu na chini kuwe na maana, na hapo mausi ikapata kazi. Dennis Fong, kijana mzaliwa wa Hong Kong aliyejulikana kama Thresh, alicheza mkono mmoja kwenye mausi, mwingine kwenye herufi W, A, S, D. Mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake, akapewa gari aina ya Ferrari la John Carmack, mmoja wa waliotengeneza hiyo gemu. Watu wakamuiga mpaka leo.

Ndani ya Quake kuna namba moja: 0.022. Kila hatua ndogo ambayo mausi inahesabu, zidisha kwa 0.022, zidisha tena kwa sensitiviti, unapata nyuzi ulizogeuka. Namba hiyo ikarithiwa na Counter-Strike, na Quake III pia. Msimbo wa Quake III ulitolewa bure mwaka 2005, ukazaa OpenArena tunayoicheza sisi.

Basi tukachukua rula. Mausi yetu ya zamani inahesabu hatua 400 kwa inchi, mpya 1,000. Sensitiviti ilikuwa 5, maana yake nyuzi 0.11 kwa hatua. Kuzunguka nyuzi 360 kunataka hatua kama 3,273. Kwa mausi ya zamani ni sentimita 21 za meza, kwa mpya ni 8 tu! Kumbe tulimsingizia monita. Mara 5 kwa 400, gawa kwa 1,000: tukaweka 2, mkono ukarudi kama zamani.

Ila monita nayo ilikuwa na lake. Upana wa kuona wa nyuzi 90 ulifaa skrini za zamani za 4 kwa 3. Kwenye skrini ndefu ya 16 kwa 9, gemu yetu ilikata juu na chini, kila kitu kikaonekana kikubwa na karibu. Hesabu inaleta nyuzi 106 hivi. Tukaweka 106, tukasogeza na kiti nyuma. Mwaka 2007 hata gemu kubwa BioShock ililalamikiwa kwa kosa hilo hilo la kukata picha, ikabidi irekebishwe.

Jumamosi iliyofuata tulimwita msimamizi na karatasi yetu ya hesabu. Mdogo wetu alicheza dakika ishirini bila shida, ingawa tumemwambia kichwa kikianza kuuma aache. Msimamizi alipima kwa rula mwenyewe, akacheka, akasema saa ya gemu ibaki, mradi hiyo hesabu tuwafundishe na wengine.

Ndiyo hii tunaanza. Wahudumu wetu, tunaomba kabla ya kufuta kitu mtuulize kwanza. Na ninyi wenzetu wa kambi nyingine, mausi yenu inazunguka kwa sentimita ngapi? Pimeni, mtuandikie hapa chini.