Weikisketi

Weikisketi ni mchezo wa majini ambao mchezaji husimama juu ya ubao mfupi huku akivutwa kwa kamba na boti, pikipiki ya maji au mtambo wa waya. Tofauti na weikibodi, mchezo unaofanana nao, miguu haifungwi kwenye ubao. Hushikiliwa tu na uso wa ubao wenye mkwaruzo au povu, na wengi huvaa viatu. Uhuru huo ndio utamu wake, na ndio hatari yake: mtu akianguka, ubao unaweza kumrukia, hata usoni. Anayeanza avae jaketi la uokozi na kofia ngumu, wala asiizungushe kamba mkononi kamwe. Akipoteza mizani, aachie mpini papo hapo, ausukume ubao mbali kwa miguu, na aibuke akiwa amefunika uso kwa mikono.