Taka au Marudio? Historia Fupi ya Istilahi ya Barua Zinazochujwa Kimakosa

Katika uundaji wa istilahi, kosa lililo rahisi kufanywa ni kukipa kitu jina la hukumu iliyotolewa juu yake badala ya jina la kitu chenyewe. Istilahi “barua taka”, inayotumika leo kwa barua pepe zisizotakiwa, ni mfano wa kosa hilo. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi dhana hiyo ilivyozaliwa ughaibuni, kisha yanatoa pendekezo ambalo chimbuko lake ni lugha ya wachimbaji wa dhahabu wa Chato na Geita.

Barua ya kwanza ijulikanayo ya namna hii ilipelekwa tarehe 3 Mei 1978. Gary Thuerk, mwuzaji wa kompyuta nchini Marekani, aliwapelekea tangazo la biashara watu wapatao 400 kwa mara moja. Wakati huo dhana ilikuwapo, lakini jina halikuwapo. Jina lilikuja baadaye, nalo lilitokana na Spam, nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, kwa njia ya mchezo wa kuchekesha wa kikundi cha Monty Python wa mwaka 1970, ambamo neno hilo hurudiwarudiwa hata mazungumzo mengine yasisikike. Maana ya asili, basi, ilikuwa wingi na kelele, wala si uchafu. Kiswahili kilipoifasiri dhana hiyo kwa neno “taka” kiliongeza hukumu ambayo haikuwamo.

Hukumu hiyo ina madhara, kwa kuwa vichujio hukosea. Programu ya SpamAssassin, iliyotolewa mwaka 2001, huipa kila barua alama za shaka. Zikifika 5, kwa kipimo chake cha kawaida, barua huhesabiwa kuwa haifai. Aidha, programu hiyo humruhusu msimamizi wa mtambo kutaja lugha azipokeazo, na barua ya lugha nyingine huongezewa alama. Kwa hiyo barua halali ya Kiswahili yaweza kutiliwa shaka kwa sababu tu ni ya Kiswahili. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza njia ya kupima uzito wa kila neno, iliyojengwa juu ya kanuni ya Thomas Bayes, mwanahisabati wa karne ya 18. Graham alishikilia kwamba kuitupa barua njema ni kosa kubwa kuliko kuipitisha mbaya. Kwa sababu hiyo aliyahesabu maneno ya barua njema mara 2.

Tuchukue mfano wa kijana wa Chato aliyeomba kazi Mwanza. Mwito wa usaili ukitiwa katika kisanduku kilichoandikwa “Taka”, hatausoma, kwani ni nani achakuraye jaa kila asubuhi? Katika huduma ya Gmail, barua zilizomo humo hufutwa baada ya siku 30. Mashine ndiyo iliyokosea, lakini neno ndilo lililomzuia kijana asilitambue kosa.

Tafsiri ya neno kwa neno ya kosa hilo ingekuwa “chanya isiyo ya kweli”. Tafsiri hii haifai. Kwa wasemaji wengi wa leo chanya ni jambo jema. Watadhani inatajwa barua mbaya iliyoonekana njema, na hiyo ni kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa.

Wilaya ya Chato, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kuingizwa katika Mkoa wa Geita mwaka 2012, imo katika ukanda wa dhahabu. Huko wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, kisha huuosha mchanga mwaloni juu ya ubao uliotandikwa magunia. Dhahabu nzito hunasa, na mchanga husombwa na maji. Hata hivyo mchanga huo hauitwi taka. Huitwa marudio, na huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi, maana kila mchimbaji anajua kwamba chujio la kwanza halikunasa yote. Jina lenyewe lamwagiza mtu arudi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kisanduku cha barua zilizozuiwa kiitwe “marudio”.
2. Kuizuia barua halali kuitwe “kosa la kutupa”.
3. Kuiachia barua isiyofaa kuitwe “kosa la kupitisha”.

Huenda ikasemwa kwamba marudio tayari lina maana ya kufanya jambo tena. Maana hizo hazigongani, kwani muktadha huzitenganisha. Huenda pia ikasemwa kwamba neno la machimboni halitaenea. Msomaji na akumbuke “makinikia”, neno ambalo wengi hawakuwa wakilitumia hadi Machi 2017, Serikali ilipozuia mchanga wa madini usisafirishwe nje ya nchi. Baada ya hapo lilikuwa vinywani mwa watu wote. Neno huenea linapobeba jambo linalowagusa watu, na barua iliyopotea humgusa kila aingojaye.